UZI: Madaktari wanaosomea ubingwa wa usingizi na ganzi wanataka kufanya kazi gani wakimaliza, na je, majibu yao tunayasoma sawasawa?

Mwalimu wa Thieta (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimewasimamia madaktari walio katika mafunzo ya ubingwa wa usingizi na ganzi kwa muda mrefu, na katika tathmini ya kila mwaka huwa kuna swali moja ambalo halikosekani: ukimaliza, unataka kwenda wapi? Majibu huandikwa kwenye fomu, hujumlishwa, kisha hugeuka kuwa mpango wa idara, yaani wangapi watatafutiwa mwaka wa ziada wa wagonjwa mahututi, wangapi tiba ya maumivu, wangapi usingizi wa watoto, wangapi upasuaji wa moyo, na wangapi watabaki na kazi ya jumla ya chumba cha upasuaji. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naamini fomu hizo hazipimi kile tunachodhani zinapima. Daktari aliye mafunzoni hujaza jina la tawi la fani, lakini anachokipenda ni kile kipande cha tawi hilo alichoonyeshwa akiwa chini ya msimamizi, na kipande hicho mara nyingi hakifanani kabisa na kazi atakayoifanya kila wiki akishakuwa bingwa.

Nitaanza na chumba cha wagonjwa mahututi, kwa kuwa ndiko tofauti hiyo ilipo kubwa zaidi.

Akiwa mafunzoni, daktari wa usingizi hulijua eneo hilo kwa mikono yake. Anamwekea mrija wa hewa mgonjwa anayeshindwa kupumua, anapitisha mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingo, anarekebisha mashine ya kupumulia saa tisa usiku, na kunapopambazuka anaona kiwango cha oksijeni kimepanda. Ni kazi yenye matokeo yanayoonekana, na kwa kijana mwenye mikono mizuri ni rahisi sana kuipenda. Bingwa wa eneo hilohilo, kwa upande wake, hutumia sehemu kubwa ya siku yake akiwa amekaa au amesimama anazungumza: anaieleza familia kwa nini matibabu fulani hayatamsaidia mgonjwa wao, anajadiliana na daktari wa upasuaji kuhusu kitanda kimoja kilichobaki, anaamua nani aingizwe na nani abaki wodini, anafuatilia maambukizi na matumizi ya viuavijasumu. Mirija na mipira anawaachia walio mafunzoni, kama alivyoachiwa yeye zamani. Nimewaona madaktari waliolikimbilia tawi hili kwa ajili ya mikono wakajikuta wamepewa kazi ya maneno, na nimewaona pia wachache ambao hawakuwa mahiri sana wa mikono lakini walikuwa na kipaji cha kukaa na familia iliyovunjika moyo, ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba hapo ndipo mahali pao.

Historia nayo ina mchango wake. Mwaka 1952 mjini Copenhagen mlipuko wa polio uliwaacha wagonjwa wengi wakiwa wamepooza misuli ya kupumulia, na mashine zilizokuwapo hazikutosha. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alipendekeza mbinu iliyokuwa ya kawaida kwenye chumba cha upasuaji: koo la mgonjwa litobolewe, mrija uwekwe, na hewa isukumwe kwa mkono kwa kukamua mfuko. Wanafunzi wa udaktari zaidi ya elfu moja waliitwa kwa zamu kukamua mifuko hiyo usiku na mchana, na vifo vilipungua sana. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua katika jiji hilohilo wodi ambayo wengi wanaitaja kuwa chumba cha kwanza cha wagonjwa mahututi kwa maana tunayoijua leo. Ndiyo maana katika nchi za Skandinavia wagonjwa mahututi wamebaki kuwa sehemu ya kawaida ya kazi ya daktari wa usingizi, pamoja na huduma za dharura nje ya hospitali na tiba ya maumivu, na anayesoma fani hiyo huyakuta yote ndani ya mafunzo yake.

Marekani mambo yalikwenda njia nyingine: madaktari wengi wa wagonjwa mahututi huko hutokea upande wa magonjwa ya mapafu, na daktari wa usingizi anayetaka kazi hiyo huongeza mwaka mmoja baada ya mafunzo yake ya miaka 4, mara nyingi bila kutarajia kipato kikubwa kuliko mwenzake aliyebaki kwenye chumba cha upasuaji. Australia na New Zealand, tangu 2010, wana chuo cha kitaaluma cha wagonjwa mahututi kinachojitegemea, chenye mafunzo yake na mitihani yake. Uingereza, ambako mafunzo ya usingizi pekee ni miaka 7 baada ya ile miwili ya msingi, anayetaka ubingwa wa fani zote mbili huongezewa muda zaidi. Kwa hiyo ukisoma kwamba katika nchi fulani madaktari wa usingizi hawapendi kazi ya wagonjwa mahututi, jambo la kwanza la kuuliza ni mlango wa kuingilia uko wapi na kuupita kunagharimu miaka mingapi. Binadamu yeyote hupunguza mapenzi yake na kitu kadiri bei inavyopanda, na ni uonevu kumwita mtu huyo asiye na wito.

Tiba ya maumivu ina hadithi inayofanana, lakini ugumu wake ni wa aina nyingine. Aliyeipa sura ya kitaaluma, John Bonica, alikuwa mwanamieleka wa kulipwa kabla ya kuwa daktari na hata wakati akisoma, na aliishi na maumivu ya majeraha yake ya ulingoni kwa maisha yake yote. Alipokuwa akiwahudumia askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliona kwamba sindano peke yake haiwatoshi wengi wao, akaanza kuwakutanisha wataalamu wa fani mbalimbali mezani kuzungumzia mgonjwa mmoja. Sasa tazama jinsi tunavyowaonyesha vijana wetu tawi hilo. Tunawapeleka siku ya sindano, ambako picha za eksirei na ultrasaundi zinawaongoza kwenye mshipa wa fahamu, mgonjwa anainuka kitandani akishukuru, na saa nane mchana kazi imekwisha. Siku ya kliniki, ambayo kuna mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo ya miaka mingi, asiyelala, aliyepoteza kazi, aliyekwisha kutumia dawa za jamii ya mofini hadi zikawa tatizo la pili, na ambaye leo hatapewa sindano yoyote bali ataombwa kuanza mazoezi na kuonana na mwanasaikolojia, siku hiyo kijana wetu tumempanga zamu sehemu nyingine.

Upasuaji wa moyo na usingizi wa watoto sitavisemea sana, isipokuwa jambo moja. Anayependa watoto kwa sababu ya siku za mafindofindo na ngiri, ambazo huwa na watoto wenye afya njema na wazazi wenye wasiwasi, akumbuke kwamba bingwa wa watoto huitwa kwa ajili ya njiti mwenye utumbo uliooza usiku wa manane, na wito huo haumhitaji daktari anayependa watoto, unamhitaji anayeweza kufikiri vizuri akiwa na hofu.

Naomba maoni yenu, hasa mlio mafunzoni sasa.

Sindano ya Usiku (mwaka wa tatu wa mafunzo)

Mwalimu, kwa heshima zote, nadhani umetuonea kidogo. Umeandika kana kwamba sisi tunadanganywa na vipande tunavyoonyeshwa, lakini wengi wetu tunachagua kwa kitu ambacho tunakiona vizuri kabisa, nacho ni watu. Mimi nataka kubaki kwenye ganzi ya sehemu na upasuaji wa mifupa kwa sababu mabingwa wa kitengo hicho wanaheshimiana, wanakula pamoja, wanamweleza kijana kosa lake bila kumdhalilisha mbele ya wauguzi, na daktari wa upasuaji anayefanya nao kazi huuliza kabla ya kuanza kama tuko tayari. Katika kitengo kingine, ambacho kitaaluma nakipenda zaidi, nilishuhudia bingwa akirushiwa maneno makali na daktari wa upasuaji na akanyamaza. Nikaelewa kwamba nikienda huko, miaka kumi baadaye atakayenyamaza ni mimi.

Jambo la pili ni usiku. Fomu yenu inauliza tawi, haiulizi zamu. Ungetuuliza kama tungependa kazi yenye zamu za usiku mara moja kwa wiki au mara moja kwa mwezi, ungepata majibu yanayoeleza mambo mengi kuliko orodha ya matawi. Mwenzangu mmoja anasema waziwazi kwamba anataka tiba ya maumivu kwa sababu maumivu sugu hayaji saa nane za usiku. Sioni ubaya wa jibu hilo. Tofauti na madaktari wa fani nyingine, sisi tukikabidhi mgonjwa na kuvua kofia ya thieta, kazi imekwisha kweli. Hatuna orodha ya wagonjwa wetu wanaotupigia simu nyumbani. Waliotushawishi tuingie kwenye fani hii walitutajia sifa hiyo, kisha tukishaingia tunaambiwa kuitaja ni uvivu.

Mwalimu wa Thieta

Ndugu yangu Sindano ya Usiku, hoja ya watu naipokea, na naiongezea nguvu: huenda ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Lakini ina hatari yake. Watu huhama. Bingwa unayemheshimu anaweza kustaafu au kupandishwa cheo kabla hujamaliza mitihani, na ukabaki na tawi bila wale waliokufanya ulipende. Ndiyo maana mimi humuuliza kijana: kama kitengo hiki kingeongozwa na mtu usiyempenda, ungeendelea kutaka kazi yenyewe? Wengine hunyamaza kwa muda mrefu, na ukimya huo unanitosha.

Kuhusu zamu sina ugomvi nawe. Ningeongeza swali jingine ambalo nalo halimo kwenye fomu: unataka kumlaza mgonjwa kwa mikono yako, au uko tayari kuwasimamia wanaomlaza? Uingereza, kwa sehemu kubwa, daktari ndiye anayebaki na mgonjwa wake mwanzo hadi mwisho. Skandinavia wapo wauguzi wa usingizi waliobobea, na daktari huingia na kutoka kwenye vyumba kadhaa. Marekani, chini ya kanuni za bima ya serikali ya wazee, daktari mmoja anaweza kuongoza hadi vyumba 4 kwa wakati mmoja. Hizi ni kazi mbili tofauti zenye cheti kimoja. Ya kwanza ina utulivu wa kukaa na mgonjwa mmoja, na pia uchovu wa kukaa naye. Ya pili inakutaka uvumilie kutojua kinachotokea chumba cha tatu wakati uko chumba cha kwanza, na uwe umemwamini mtu mwingine. Nimekutana na madaktari wazuri sana wasioiweza hiyo ya pili, na hakuna aliyewauliza kabla hawajasaini mkataba.

Nusu Wiki (mwaka wa tano wa mafunzo, saa pungufu)

Nawashukuru kwa mjadala. Naandika nikiwa mama wa watoto wawili ninayefanya mafunzo kwa saa pungufu, kwa hiyo nitamaliza baadaye kuliko niliochaguliwa nao. Fani yetu inafaa kwa utaratibu huu kuliko nyingi, kwa sababu hiyohiyo aliyoitaja Sindano ya Usiku: mgonjwa hukabidhiwa, na siku ambayo sipo hakuna mtu wangu anayenisubiri. Hilo ni kweli na ninalifurahia.

Lakini naomba tahadhari. Kila mwaka nikijaza kwamba nataka upasuaji wa siku moja na ganzi ya wajawazito kwa zamu za mchana, jibu langu linaingia kwenye jedwali kama upendeleo, kisha mtu anaandika kwamba wanawake hupendelea kazi nyepesi. Mimi nilitaka moyo. Niliipenda ile ultrasaundi ya kupitia kooni, nilipenda kuona vali ikifanya kazi papo hapo, nilipenda hesabu za kumtoa mgonjwa kwenye mashine ya moyo na mapafu. Nilipouliza kama mwaka wa ziada unaweza kufanywa kwa saa pungufu, niliambiwa kwamba hakuna aliyewahi kuomba. Bila shaka hakuna aliyeomba. Kila aliyefikiria kuomba alipewa jibu lile nililopewa mimi. Nikaandika wajawazito, na mwaka uliofuata nikaandika wajawazito tena, na sasa hata mimi mwenyewe siwezi kukuambia kwa uhakika ni lini jibu lile liliacha kuwa la kulazimika likawa la kweli, maana siku hizi kazi hiyo naipenda.

Mwalimu wa Thieta

Dada Nusu Wiki, ulichoandika kimenikumbusha maisha ya mtu ambaye kila mkunga duniani anamtaja bila kujua kwamba alikuwa daktari wa usingizi. Virginia Apgar alianza mafunzo ya upasuaji New York katika miaka ya 1930, na mkuu wake, Allen Whipple, akamshauri aiache njia hiyo, akiwa ameona wanawake wengine waliopitia mafunzo hayo wakikosa nafasi ya kuendesha maisha kwa upasuaji, na akiwa anaamini kwamba usingizi ulihitaji watu wenye vipaji. Apgar alikwenda kusoma kwa Ralph Waters huko Madison, Wisconsin, aliyekuwa ameanzisha mafunzo ya ubingwa wa usingizi ndani ya chuo kikuu mwaka 1927, kisha akarudi New York kuongoza kitengo cha usingizi kuanzia 1938. Kitengo hicho kilipopandishwa kuwa idara kamili, mwaka 1949, uongozi alipewa mwanamume. Apgar alipewa uprofesa, mwanamke wa kwanza kuupata katika kitivo hicho cha tiba, akajielekeza kwenye usingizi wa wajawazito. Kutoka huko ndiko kulikotoka vipimo vile vitano vya kichanga anapozaliwa, alivyovichapisha mwaka 1953. Mwaka 1959 akiwa na umri wa miaka 50 alichukua shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na miaka yake iliyobaki aliitumia kwenye kasoro za kuzaliwa.

Sasa tuseme fomu yetu ingekuwapo wakati huo. Mwaka 1933 angejaza upasuaji, 1938 uongozi wa idara, 1950 wajawazito, 1959 afya ya jamii. Ipi kati ya hizo ndiyo iliyokuwa chaguo lake? Mbili za kwanza zilifungwa na watu wengine, ya tatu ilitokana na kufungwa kwa ya pili, na ya nne, kadiri ninavyoweza kuona, ndiyo peke yake iliyokuwa ya hiari kamili. Nasema hivi bila kutaka kumfariji mtu kwamba mlango ukifungwa utapata mwingine ulio bora zaidi. Kwa kila Apgar wapo wengi ambao mlango ulifungwa na hakikutokea chochote. Ila naona umuhimu wa kuandika kando ya kila jibu: je, lipo jingine ulilotaka ukaliacha, na nini kilikufanya uliache?

Kuhusu mwaka wa ziada wa moyo kwa saa pungufu, omba kwa maandishi. Jibu la mdomoni halihesabiwi popote.

Mpimaji

Mimi si daktari. Nafanya utafiti wa rasilimali watu katika sekta ya afya, na nimefurahishwa na uzi huu kwa sababu mnalalamikia kifaa bila kujua kwamba kipo kilicho bora zaidi. Ukimuuliza mtu anapenda nini, atakutajia vyote vizuri: mshahara mkubwa, zamu chache, hospitali ya rufaa, wenzake wema. Njia iliyozoeleka sasa ni kumpa kazi mbili za kubuni zenye sifa zinazopingana na kumwambia achague moja. Kwa mfano, kazi ya kwanza iwe na zamu ya usiku mara nne kwa mwezi, kipato cha juu na wagonjwa wa kawaida. Ya pili iwe na zamu moja kwa mwezi, kipato cha chini kidogo na wagonjwa wagumu, pamoja na nusu siku ya utafiti kila wiki. Ukirudia chaguo hizo mara kadhaa kwa mchanganyiko tofauti, takwimu zitakuonyesha mtu yuko tayari kuachia kiasi gani cha hiki ili apate kile. Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa njia hii mwaka 2012 kwa ajili ya kuwavuta na kuwabakiza watumishi wa afya maeneo ya vijijini.

Na hapo ndipo ninapoona pengo kwenye mjadala wenu. Mmezungumzia moyo, maumivu na mahututi, lakini hakuna aliyegusa mahali. Shirikisho la kimataifa la vyama vya madaktari wa usingizi linapendekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000, na nchi nyingi ziko chini sana ya hapo. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 hawapati upasuaji na usingizi salama kwa gharama wanayoimudu. Kwa mpangaji wa huduma, swali la kwanza ni kama daktari huyu atakubali hospitali ambayo atakuwa peke yake. Tawi linafuata nyuma.

Bingwa Mstaafu

Mpimaji amesema neno "peke yake" kwa wepesi, nami naomba nikae hapo kidogo. Nilifanya kazi peke yangu katika hospitali ndogo kabla ya kuhamia kubwa. Ugumu wa kazi ile haukuwa wingi wa wagonjwa, ulikuwa ni kukosa mtu wa kumwita. Daktari wa usingizi mafunzoni hufundishwa jambo moja kuliko yote: njia ya hewa ikikushinda, omba msaada mapema. Kisha tunampeleka mahali ambapo msaada huo haupo, na tunashangaa kwamba hapendi. Ukitaka aende, wapeleke wawili. Mimi ningekubali kipato kidogo kwa ajili ya mwenzangu mmoja wa kubadilishana naye zamu, na sidhani kama kwenye madodoso yenu sifa hiyo huwekwa mara kwa mara.

Jambo jingine halipendezi kulisema, lakini vijana wanapaswa kulijua wanapochagua. Fani yetu inashika dawa kali kila siku, fentanili na propofoli zikiwamo, na uraibu wa dawa hizo miongoni mwa madaktari wa usingizi ni hatari ya kazi inayojulikana, ikiwakumba hata walio mafunzoni. Upweke, usiku mwingi na dawa iliyo mkononi havikai pamoja salama. Anayejijua kwamba huzuni humshika akiwa peke yake achague kitengo chenye watu wengi, hata kama tawi lenyewe si lile la kwanza moyoni mwake, na kama tayari kuna dalili yoyote, azungumze na mtu leo. Wapo waliotibiwa wakarudi kazini.

Mpimaji

Mzee wangu, nimeyapokea. Sifa ya kuwa na mwenzako wa fani moja nitaipendekeza kwenye dodoso lijalo.

Mwaka wa Kwanza

Shikamooni walimu. Nimesoma kila kitu tangu juu. Swali langu ni dogo: mtu akimaliza mafunzo, afanye mwaka wa ziada wa tawi palepale au afanye kwanza kazi ya jumla? Wakubwa zangu hapa wanapingana.

Mwalimu wa Thieta

Marahaba. Wanapingana kwa sababu jibu si moja kwa matawi yote. Moyo na vichanga ni kazi ambazo mikono na macho hupoa haraka, na nafasi zake hujazwa na waliotoka mafunzoni moja kwa moja. Ukiwa umeamua, usikawie. Wagonjwa mahututi na tiba ya maumivu ni tofauti. Naona walioingia huko baada ya miaka miwili mitatu ya kazi ya jumla huvumilia zaidi, kwa kuwa wameshazungumza na wagonjwa na familia wakiwa na jukumu lao wenyewe, bila msimamizi nyuma yao, na wanajua kama mazungumzo hayo yanawachosha au yanawapa nguvu. Gharama ni kwamba utarudi kwenye kipato na cheo cha mwanafunzi ukiwa umeshazoea vingine, na pengine ukiwa na familia. Nusu Wiki atakueleza hilo kuliko mimi.

Kwa sasa uko mwanzoni, kwa hiyo kuna kitu cha kufanya kabla ya swali hilo. Omba siku mbili za kliniki ya maumivu isiyo na sindano. Omba kukaa na bingwa wa mahututi mchana anapokutana na familia, ukae tu, usishike kitu. Na kama ni watoto unaowafikiria, mwambie msimamizi wako akupangie siku za vichanga, si za mafindofindo peke yake. Akikwambia kwamba hazipo, utakuwa umejua kwamba mafunzo ya tawi hilo utalazimika kuyatafuta hospitali nyingine.